Maswali Yenu: Kuanza Dungeons & Dragons bila vitabu wala dadu za ng'ambo

Barua za mwezi huu zimeelemea upande mmoja: michezo ya mezani ya kuigiza wahusika, hasa Dungeons & Dragons, ule uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Tumejibu zile zinazouliza mambo ya kutenda. Za "mchezo upi bora" tumeziweka kando, maana hazina mwisho.

Nimeona vijana wamezunguka meza, wana karatasi na dadu zenye pembe nyingi, wanaongea tu saa tatu nzima. Sioni ubao, sioni mshindi. Huo ni mchezo gani? — Msomaji, Dodoma

Ni mazungumzo yenye kanuni. Mtu mmoja ni mwendesha mchezo (Dungeon Master, wenyewe husema DM). Yeye ameshika dunia yote: mvua, walinzi wa geti, wanyama, maadui. Wengine, watatu hadi watano, kila mmoja ameshika mhusika mmoja tu. Mwendesha anaeleza kilichopo, wachezaji wanasema wanafanya nini. Dadu hurushwa pale tu jambo linapoweza kushindikana, na kushindikana kwake kukawa na uzito. Hivi:

Mwendesha: "Mlango ni wa mbao nzito, umevimba kwa unyevu. Ndani kuna mtu anakohoa."
Mchezaji: "Nausukuma kwa bega."
Mwendesha: "Rusha, ujumlishe Nguvu. Unatakiwa ufikie 15."
Mchezaji: "Nimepata 9. Na 3 yangu, 12."
Mwendesha: "Umefunguka, ila kwa kishindo. Kikohozi kimekatika ghafla. Wameshajua mpo."

Tazama alichofanya na ile 12. Hakusema "umeshindwa, rusha tena." Angesema hivyo, mchezaji angerusha mpaka apate, na dadu ingekuwa kazi bure. Amemfungulia mlango, kisha akamtoza gharama. Mwendesha mgeni akilijua hili moja tu, nusu ya uchovu wa mezani inaondoka.

Ile 15 nayo si ya kubahatisha. Kanuni zinapanga ugumu kwa ngazi: 5 ni rahisi mno, 10 rahisi, 15 wastani, 20 ngumu. Ukisahau mengine yote, tumia 15. Na mshindi hayupo. Kikao kikiisha, mnaendelea siku nyingine pale mlipoachia.

Nimeangalia bei ya vitabu vitatu vya kanuni, ni kodi ya chumba. Na dadu zenyewe huku hazipo madukani. Kuna njia? — Msomaji, Nakuru

Ipo, na usinunue chochote kabla hujacheza walau mara tatu. Vile vitabu vitatu ni Player's Handbook, Dungeon Master's Guide na Monster Manual. Mchezaji wa kawaida anahitaji cha kwanza pekee, na anayeanza hakihitaji hata hicho. Wizards of the Coast, kampuni yenye mchezo huu tangu 1997, hutoa bure muhtasari uitwao Basic Rules: jamii nne za wahusika, kazi nne, silaha na maadui wa kutosha. Zaidi ya hapo, Januari 2023 waliachia kiini cha kanuni, SRD 5.1, kwa leseni ya Creative Commons. Unaruhusiwa kukichapa, kukitafsiri, hata kuuza tafsiri yako, mradi utaje kilikotoka.

Angalia mtego mmoja. Toleo la tano lilitoka 2014, likafanyiwa marekebisho 2024. Yote mawili yamezagaa mtandaoni, na kibwengo (goblin, adui mdogo wa kuanzia) wa toleo la 2014 ana uhai 7 wakati wa 2024 ana 10. Chagueni moja kwa meza nzima. Takwimu zote katika safu hii ni za 2014, kwa sababu SRD 5.1 imetokana na toleo hilo.

Sasa dadu. Seti kamili ina za pande 4, 6, 8, 10, 12 na 20, na ile ya 20 ndiyo inayofanya kazi kubwa. Chukua karata za kawaida, toa zenye picha za watu na jokeri. Zimebaki 40. Ree ihesabu 1. Karata nyekundu isome ilivyo. Nyeusi ongeza 10. Shupaza 4 ni 14, kopa 4 ni 4. Umepata 1 hadi 20, kila namba ina karata mbili, kwa hiyo bahati ni sawa kabisa na ya dadu. Kila ukichomoa, rudisha na uchanganye upya, la sivyo wajanja wataanza kuhesabu zilizobaki. Ukitaka dadu ya pande 10, sahau rangi. Ya pande 8: ikitoka 9 au 10, chomoa tena. Ya pande 12 ni dadu ya ludo pamoja na sarafu. Ikiangukia kichwa, ongeza 6.

Wengine hujumlisha dadu nyingi za ludo badala ya ile ya pande 20. Msifanye hivyo. Dadu mbili za ludo hutoa 7 mara 6 katika kila njia 36, na 2 mara moja tu, yaani namba za katikati zinajirudia na za pembeni zinapotea. Mchezo huu umepigiwa hesabu kwa dadu ambayo 1 na 20 zina nafasi sawa na 10.

Vilivyobaki ni vya nyumbani. Penseli, si kalamu, kwa kuwa uhai unafutwa na kuandikwa usiku kucha. Daftari la hesabu la miraba: mraba mmoja ni futi 5, na mtu wa kawaida hutembea futi 30 kwa zamu, yaani miraba 6. Vizibo vya soda ni mashujaa, punje za maharage ni maadui. Maharage yana faida moja: adui akifa unamtia mfukoni, hakuna ubishi.

Nataka kutengeneza mhusika wangu wa kwanza lakini ile karatasi imejaa visanduku. Nianzie wapi? — Mwanafunzi, Morogoro

Anza na mpiganaji binadamu. Kuna watakaokucheka kuwa ni chaguo la kawaida mno, waache. Mwenye sihiri ana orodha ya kusoma kila zamu, mpiganaji ana upanga.

Kuna sifa sita: Nguvu, Wepesi, Ustahimilivu, Akili, Busara na Haiba. Unagawa namba hizi: 15, 14, 13, 12, 10, 8. Mpe Nguvu 15, Ustahimilivu 14, Wepesi 13, Busara 12, Haiba 10, Akili 8. Binadamu huongezewa 1 kila mahali, kwa hiyo zinakuwa 16, 15, 14, 13, 11 na 9.

Hapa ndipo wengi hukwama: namba hizo kubwa karibu hazitumiki tena. Inayotumika ni nyongeza. Toa 10, gawa kwa 2, shusha chini. 16 inatoa +3, 15 inatoa +2, 14 inatoa +2, 13 inatoa +1, 11 inatoa 0, na 9 inatoa −1. Ziandike kwa maandishi makubwa.

Uhai wa mpiganaji wa daraja la kwanza, yaani anayeanza, ni 10 na nyongeza ya Ustahimilivu: 12. Akivaa deraya ya minyororo ana kinga 16, yaani namba ambayo adui anatakiwa aifikie ili ampate, na ngao inaongeza 2, jumla 18. Akishambulia anarusha dadu ya 20 na kuongeza 5: 3 za Nguvu, 2 za uzoefu, ambazo kila mhusika wa daraja la 1 hadi la 4 anazo kwa kazi anayoimudu. Akipata, upanga mrefu unaumiza kwa dadu ya pande 8 na 3 juu yake. Mwisho, mara moja kabla ya kila mapumziko anaweza kuvuta pumzi na kujirudishia uhai wa dadu ya pande 10 na 1. Wageni huisahau hii mpaka wanalala chini, basi iandike juu kabisa ya karatasi.

Historia ya mhusika ikizidi sentensi tatu imezidi. Anatoka wapi, anamdai nani, anaogopa nini. Hayo mengine yatajulikana mezani.

Niliendesha kikao cha kwanza kwa rafiki zangu wanne, wote daraja la kwanza. Niliwawekea vibwengo sita tu njiani. Dakika arobaini, wote wamekufa. Kila aliyefika sifuri tulimfuta. Wanadai niliwaonea. — Msomaji, Dar es Salaam

Hukuwaonea, ila kuna makosa mawili, na yote ni ya hesabu.

La kwanza ni ile "sita tu". Kibwengo mmoja ana thamani ya pointi 50. Sita ni 300, lakini maadui kuanzia watatu hadi sita thamani yao huzidishwa kwa 2, kwa sababu wingi wenyewe ni silaha: wao wana mapigo sita kwa kila mzunguko, rafiki zako manne. Hapo ni 600. Kwa mhusika wa daraja la kwanza, pambano la kuua huanzia pointi 100, kwa wanne 400. Ulivuka mpaka huo kwa nusu nzima. Wanne tu wangetosha kuwa pambano la kuua: 200 mara mbili ni 400. Watatu, 300, ni pambano gumu. Wawili huzidishwa kwa moja na nusu, 150, na hilo ndilo la kuanzia.

Mtazame mwenye sihiri wa kundi. Ana uhai 8 na kinga 12, na huo ndio uhai wa yule mwenye Ustahimilivu mzuri. Kibwengo anarusha dadu ya 20 na kuongeza 4, kwa hiyo anampata akitoa 8 na kuendelea: mara 13 katika 20. Jeraha lake ni dadu ya ludo na 2. Ikitoka 6, ni 8. Pigo moja, yuko chini, hajafanya lolote tangu aketi. Mpiganaji mwenye kinga 18 hupatwa mara 7 tu katika 20. Ndiyo maana mpiganaji hutangulia mlangoni. Si ushujaa, ni hesabu.

La pili: sifuri si kifo. Aliyefika sifuri amezimia. Kila zamu yake ikifika anarusha dadu ya 20 bila kuongeza chochote. 10 na kuendelea ni alama ya uzima, chini ya hapo ni alama ya mauti. Tatu za uzima, ametulia. Tatu za mauti, amekwenda. Ikitoka 1 ni alama mbili za mauti. Ikitoka 20 anainuka na uhai 1. Mwenzake akimponya hata kwa uhai mmoja, anaamka hapo hapo. Anayekufa moja kwa moja ni yule aliyepigwa pigo moja ambalo, baada ya kumfikisha sifuri, ziada yake inalingana na uhai wake kamili au kuuzidi. Kwa kanuni hii, huenda wawili kati ya wale wanne wangeamka.

Tena, maadui si lazima wapigane mpaka wa mwisho. Nusu yao wakianguka, waliobaki wakimbie. Na wakishinda wao, kibwengo hana haja na maiti. Anataka mateka wa kukombolewa kwa fedha. Hapo una kikao cha pili tayari.

Ni msomaji wa Lindi. Niandae nini kwa usiku wa kwanza? Nimeshaandika kurasa 30 za historia ya ufalme wangu.

Zihifadhi, hakuna atakayeziuliza. Andaa ukurasa mmoja: mahali pamoja, sababu ya kwenda huko, vyumba vitano, mtu mmoja wa kuongea naye, pambano moja, hatari moja isiyo adui. Saa tatu zitaisha kabla ya vyumba.

Ramani usiibuni, na wewe hasa uko jirani na moja ya bora. Husuni Kubwa ya Kilwa Kisiwani, jumba la sultani la karne ya 14, ina vyumba zaidi ya 100, nyua, na bwawa lenye pande nane, na imesimama ukingoni juu ya bahari. Chagua vyumba vitano vinavyopakana na weka bwawa katikati. Ndani ya maji weka kitu wanachokitaka. Hatari iwe sakafu inayobomoka: Wepesi wa kufikia 12, anayeshindwa anaanguka futi 10 na kuumia dadu moja ya ludo. Mwonye mwenye sihiri asitangulie.

Pia andika majina kumi ya watu kwenye kipande cha karatasi. Wachezaji hawataulizia historia ya ufalme, wataulizia jina la mzee anayeuza kahawa.

Tukicheza kwa Kiswahili, maneno yanatukwama. Neno "mchawi" likitajwa, nusu wanacheka, nusu wananuna. — Msomaji, Mombasa

Kwa sababu mchawi wetu ni mtu wa usiku na nia mbaya, na wa mchezoni ni mtu aliyesoma kitabu. Mwite mwanasihiri. Kasisi wa mchezoni asiwe padri wala shehe, mtaamsha mengine, mwite kuhani. Yule wa kufungua makufuli mwiteni mjanja, si mwizi. Mchezaji ukimpa karatasi iliyoandikwa "mwizi", ataanza na mifuko ya wenzake.

Kwa viumbe mna utajiri kuliko mnavyodhani. Kibwengo tumekwisha mtumia, zimwi anakaa vizuri mahali pa ogre, joka ni joka, jitu ni jitu. Maiti inayotembea na kufanya kazi ya mwingine, msukule, hata hahitaji kuelezwa. Tabu iko kwa elf, kiumbe kama mtu mwenye masikio yaliyochongoka. Mkisema "elfu", mwendesha akatangaza "elfu mbili wanakuja," mtakimbia bure: ni wawili tu. Semeni elfi. Dwarf naye, yule mfupi mwenye nguvu, aitwe dwafu. Mbilikimo ni neno ambalo watu halisi wa misitu ya Kongo wameitwa kwa dharau, liacheni.

Kuna mahali Kiswahili kinashinda asili. Kiingereza cha mchezo huu hutumia neno moja, level, kwa mhusika, kwa sihiri na kwa sakafu ya shimo (dungeon), na wageni huchanganyikiwa: mwanasihiri wa level 3 anatumia sihiri za level 2. Kwetu sema daraja la mhusika, ngazi ya sihiri, ghorofa ya shimo. Tatizo limekwisha.

Mama amekataa, amesema ni mchezo wa mashetani. — Binti, Iringa

Mdogo wetu, usibishane naye. Hofu hiyo ilikuwepo Marekani kwenyewe miaka ya 1980, kiasi kwamba toleo la pili, 1989, liliwaondoa mashetani vitabuni, wakarudi baadaye kwa majina mengine. Mezani hakuna dua wala kiapo. "Sihiri" ni mstari kwenye karatasi unaosema vishale vitatu, kila kimoja dadu ya pande 4 na 1. Mwombe aketi kikao kimoja na kazi yake ya mikono, asikilize.

Akikataa bado, chezeni bila sihiri. Wapiganaji na wajanja watupu. Maadui wawe maharamia, chui, wanyang'anyi wa misafara. Mtakachokosa ni mponyaji, na kundi lisilo na mponyaji hudhoofika kufikia pambano la pili. Basi kila mhusika aanze na chupa mbili za dawa, kila moja ikirudisha dadu mbili za pande 4 na 2, na ziiteni dawa ya mitishamba. Baada ya kila pambano wapumzike saa moja ya mchezoni: wa daraja la kwanza anaweza kutumia dadu yake moja ya uhai kwa siku, ya pande 10 kwa mpiganaji, ya pande 8 kwa mjanja, pamoja na nyongeza ya Ustahimilivu.

Mimi niko Muscat, ndugu zangu wako Mombasa. Tunaweza kucheza kwa WhatsApp? — Msomaji, Oman

Mnaweza, na tofauti ya saa ni moja tu. Kwa sauti, ikiwa simu za WhatsApp zinapita huko kwenu, msizidi wachezaji wanne na zimeni video. Bando litadumu na watu hawatakatiana maneno. Kwa maandishi, fungueni makundi mawili: la hadithi tupu, na la porojo, dadu na maswali ya kanuni. Msipotenganisha, siku ya tatu hadithi itakuwa imezikwa chini ya picha za harusi.

Kinachoua michezo ya maandishi ni kusubiri zamu. Pambano la mizunguko mitano kwa watu watano ni ujumbe 25, na mmoja akisafiri mmekwama wiki. Achaneni na mpangilio wa zamu: kila mtu aandike tendo lake kabla ya saa tatu usiku ya Mombasa, saa nne ya kwenu, kisha mwendesha akusanye yote na kuandika kilichotokea kwa mkupuo. Ambaye hajaandika, mhusika wake anajikinga tu. Na dadu arushe mwendesha kwa wote, kwa sababu ndugu wa mbali hupata 20 mara nyingi ajabu.